Tezi 14 za kwapa zimetolewa, mionzi imeisha: mazoezi ya mkono yaanzie wapi na uzito gani?

Nasra_M

Habari zenu wanajamvi. Namwandalia mama mmoja wa miaka 54 ratiba ya mazoezi, na kuna mahali nimekwama. Naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Hali yake iko hivi. Titi la kushoto liliondolewa lote miezi 9 iliyopita kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za limfu 14 za kwapa. Baada ya hapo alipata kemo (dawa za kuua seli za saratani), doxorubicin kwanza kisha paclitaxel, halafu mionzi ya kifua na ya eneo la juu ya mtulinga. Mionzi imeisha wiki 7 zilizopita na ngozi imepona. Sasa anameza letrozole, dawa ya kupunguza homoni ya estrojeni, kila siku. Hakutengenezewa titi jipya. Mkono hauonekani kuvimba.

Yanayomsumbua: akipandisha mkono kwa upande unaishia kidogo tu juu ya usawa wa bega, na hapo unaonekana kama uzi mgumu chini ya ngozi, unatoka kwapani kuelekea kiwiko. Vidole vya miguu vina ganzi. Asubuhi magoti na vidole vya mikono vinakaza. Halafu kuna uchovu usioisha hata akilala.

Aliambiwa asinyanyue chochote kizito kwa mkono huo maisha yake yote, na familia imelishika neno hilo kiasi kwamba hata ndoo ndogo anapokonywa. Nimesoma pia ushauri unaosema kinyume kabisa. Je, aanze na kunyoosha au na uzito? Uzito uanzie wapi? Na huo uzi uguswe au uachwe?

---

kombe_la_bega

Dada Nasra, pole kwa kazi na hongera kwa kueleza hali kwa ukamilifu. Nitajibu la bega na la uzi. La uzito wapo humu wanaolijua vizuri zaidi yangu.

Uzi huo ni jambo la kawaida baada ya upasuaji wa kwapa. Ni kamba nyembamba za tishu zinazokaza kufuata njia za limfu na mishipa midogo iliyoguswa na upasuaji. Nyingi hujitokeza katika wiki 8 za mwanzo, ila zinaweza kuonekana baadaye, na mionzi huzidisha mkazo. Si saratani iliyorudi, wala si mshipa wa fahamu. Mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu wengi huogopa kuuliza, wakaubana mkono ubavuni miezi na miezi. Bega lisilotembea hukaza lenyewe hata kama kamba imeshalegea.

Kwa hiyo mkono usogezwe. Alale chali, magoti yamekunjwa, mto mdogo chini ya mkono wa kushoto kama bega haligusi godoro. Ashike fimbo nyepesi, fimbo ya ufagio inatosha, viganja vikitazama juu na mikono ikiwa na upana wa mabega. Mkono wa kulia uusukume wa kushoto kwenda juu ya kichwa hadi asikie mvuto, asifike kwenye maumivu. Abaki hapo sekunde 5 huku akitoa pumzi, arudi. Mara 5 hadi 7, asubuhi na jioni. Fimbo ni muhimu kwa sababu mkono mzima ndio unaofanya kazi, misuli ya kushoto inapumzika na haikazi kwa woga.

Kisha, bado amelala, afumbate viganja nyuma ya shingo, viwiko vikitazama dari, avishushe taratibu kuelekea godoro. Hili hufungua misuli ya kifua, ambayo mionzi hupenda kuikaza. Akimaliza asimame ubavu ukielekea ukuta na apandishe vidole ukutani kwa upande, weka alama ya penseli alipoishia. Alama ikipanda sentimita 2 kwa wiki, mambo yanakwenda.

Kwa uzi wenyewe: anyooshe mkono kwa upande hadi uzi uonekane, kiwiko kimenyooka, halafu akunje kifundo cha mkono nyuma, vidole vikitazama mbali naye. Atauhisi uzi ukivutika hadi kigashani. Aurudishe, aurudie, mara 8 bila kushikilia kwa nguvu. Wewe unaweza kuweka kiganja juu ya uzi na kuisogeza ngozi polepole upande wa pili wa mvuto. Wakati mwingine husikika mlio mdogo kama kitu kimekatika na mkono ukapanda ghafla. Ukitokea wenyewe haudhuru. Lakini usiutafute, usiuvute kwa nguvu ili ukatike. Kwapa hilo limepakana na palipopigwa mionzi na tishu zake hazisamehe haraka.

Kuna kipimo kimoja kabla ya mzigo wowote juu ya bega. Mwambie asimame mbele ya ukuta, viganja ukutani usawa wa kifua, asukume. Wewe tazama mgongo. Ukingo wa ndani wa kombe la bega la kushoto ukichomoza kama bawa, mshipa wa fahamu unaolisha msuli wa kulishikilia kombe hilo kwenye mbavu umeguswa. Hapo asiinue uzito juu ya kichwa kwanza, maana mfupa wa mkono utakuwa unagonga juu ya bega kila akipandisha, na kwa maumivu hayo mtalilaumu kovu bure. Afanye kusukuma ukuta, na mikono ikishanyooka aongeze msukumo mmoja mdogo zaidi ili mgongo wa juu uviringike. Mara 10, kila siku, na mtaalamu wa viungo amwone.

Jambo la mwisho, hili husahauliwa sana: mionzi huendelea kukaza tishu muda mrefu baada ya kipindi cha mwisho, miezi na hata miaka. Kwa hiyo bega likifunguka baada ya miezi mitatu, msiache. Kunyoosha mara moja kwa siku kubaki kama kupiga mswaki.

---

VyumaPolepole

Naunga mkono hapo juu, ila asisubiri bega lifunguke lote ndipo aanze uzito. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, mradi kila zoezi lifanyike ndani ya mwendo alio nao bila maumivu.

Ushauri wa "usinyanyue maisha yako yote" ulikuwa na mantiki yake. Tezi zikitolewa, njia za kurudisha maji ya limfu zinapungua. Misuli ikifanya kazi damu inaongezeka mkononi na maji yanaongezeka. Watu wakahitimisha kwamba mzigo wowote utavimbisha mkono. Kathryn Schmitz na wenzake, Marekani, waliijaribu hoja hiyo kwa vitendo. Matokeo ya 2009 yalihusu wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa limfu (mkono kujaa maji ya limfu): kunyanyua uzito mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima hakukuongeza uvimbe, na waliopata hali kuwa mbaya zaidi walikuwa 14% dhidi ya 29% ya wasionyanyua. Matokeo ya 2010 yanamhusu mama huyo moja kwa moja. Wanawake 154 wasio na uvimbe walifuatwa, na kati ya waliotolewa tezi 5 au zaidi, uvimbe uliwapata 7% ya walionyanyua na 22% ya wasionyanyua.

Sababu inaeleweka. Mkono uliokaa bure mwaka mzima hupoteza nguvu, halafu siku moja mtoto anataka kuanguka, mama anamdaka. Mzigo uleule ambao mkono wenye mazoezi ungeuona wa kawaida, kwa mkono huo ni dhoruba. Tena misuli inayokazana na kulegea ni pampu ya limfu. Kwa hiyo familia iliyompokonya ndoo ilikuwa na nia njema, ila inamdhoofisha.

Sasa, wanawake wale hawakuanza na vyuma vizito. Walianza na uzito mdogo sana au bila uzito kabisa, chini ya usimamizi kwa wiki 13, na waliongeza hatua ndogo kuliko zote baada ya vipindi viwili mfululizo bila mabadiliko mkononi. Utaratibu huo ndio uliowalinda. Anayechukua neno "uzito ni salama" akaacha neno "polepole" amechukua nusu ya dawa.

Chukua chupa ya lita moja. Maji nusu lita ni karibu nusu kilo; ongeza robo lita, umeongeza robo kilo. Hii ni bora kuliko dambeli, kwa sababu ukiruka kutoka nusu kilo hadi kilo umezidisha mzigo mara mbili. Siku mbili kwa wiki, ziachane angalau saa 48. Wiki ya kwanza seti moja ya mara 10 kwa kila zoezi, ya pili seti mbili, ya tatu seti tatu. Hapo vipindi viwili vikipita salama, ongeza robo kilo, kwa zoezi hilo tu. Kila zoezi lina uzito wake: mkono utakunja kiwiko kwa kilo mbili wakati kuinua kwa upande bado ni nusu kilo, na ndivyo inavyotakiwa.

Mazoezi yenyewe: kuinama kidogo huku mkono mmoja umeegemea kiti na kuvuta chupa hadi ubavuni, kulala chali na kusukuma chupa juu kutoka kifuani, kukunja kiwiko, kunyoosha kiwiko, kuinua kwa mbele na kwa upande hadi usawa wa bega, si zaidi kwa sasa. Fanya mikono yote miwili. Sekunde 2 kupandisha, sekunde 3 kushusha, pumzi itoke wakati wa juhudi. Asibane chupa kwa nguvu wala asizuie pumzi.

Kabla ya siku ya kwanza, pima. Futi ya fundi cherehani, anzia kifundo cha mkono, weka alama kila sentimita 4 hadi karibu na kwapa, andika mzingo wa kila alama kwa mikono yote. Rudia mara moja kwa mwezi, saa ileile ya siku, kwa sababu mikono hujaa kidogo jioni. Hapa kuna mtego: kama anatumia mkono wa kulia, wa kulia kwa kawaida ni mnene kidogo. Wa kushoto "ukilingana" na wa kulia, huenda tayari umeongezeka. Ulinganishe na vipimo vyake wenyewe vya mwanzo. Tofauti ya sentimita 2 mahali popote, aende akaonwe.

Lakini dalili hutangulia futi. Kila baada ya kipindi muulize, jioni na kesho yake: mkono mzito? Pete au saa inabana? Nguo ya mkono inaacha alama? Maumivu ya misuli ni kitu kingine. Hayo huwa katikati ya msuli, huuma ukiugusa, huisha siku mbili tatu. Uzito wa limfu huenea mkono mzima, huzidi jioni, hupungua mkono ukiinuliwa juu ya mto. Akiusikia, kipindi kinachofuata arudi hatua moja nyuma. Ukidumu wiki, apimwe.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, unauma, au akipata homa: huo ni uwezekano wa maambukizi ya ngozi. Hakuna zoezi, hakuna kukanda. Aende hospitali siku hiyohiyo.

---

Nasra_M

Ahsanteni sana, hili la kulinganisha mkono na vipimo vyake wenyewe sikulijua. Nina maswali mawili. Je, avae soksi ya mkono ya kubana wakati wa mazoezi ili kujikinga? Na mpira wa kuvuta ungefaa badala ya chupa? Anao tayari.

---

VyumaPolepole

Soksi: katika utafiti niliotaja, waliokuwa tayari na uvimbe walivaa wakati wa kunyanyua. Yeye hana, kwa hiyo si lazima. Soksi isiyopimwa na mtu anayejua inaweza kudhuru, maana ikijikunja juu inakuwa kama kamba iliyofungwa na maji yanashuka kiganjani. Uvimbe ukijitokeza, ndipo apimiwe yake.

Mpira: uweke kando mwezi wa kwanza. Mkazo wake huongezeka kadiri unavyonyooka, na mwisho wa mwendo, pale bega lake lilipo dhaifu zaidi, ndipo unapovuta zaidi. Huwezi kujua umeongeza kiasi gani. Na watu huuzungusha kiganjani ukawabana. Ukija kuutumia, ufungie kishikio.

---

Sista_Rehema

Mmezungumzia mkono vizuri. Ngoja nirudi kwa mwili mwingine, maana dawa alizopata zina mambo yake, na kwa uchovu wake miguu ndiyo itakayomsaidia zaidi kuliko mkono.

Moyo kwanza. Doxorubicin inaweza kudhoofisha msuli wa moyo, na mionzi ilipigwa upande wa kushoto. Hii haimzuii kutembea. Inamaanisha kwamba Bi Nasra umuulize kama alipimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti baada ya kemo, na matokeo yalisemaje. Akihema isivyo kawaida kwa kazi ndogo, akishindwa kulala bila mito mingi, miguu yote miwili ikivimba, au kifua kikibana, mazoezi yasimame hadi daktari aseme. Kama ni kigimbi kimoja tu kimevimba na kuuma, hilo nalo ni la haraka, huenda damu imeganda.

Yakiwa salama, atembee. Kwa uchovu wa baada ya matibabu, kulala zaidi hakusaidii sana; kinachoonekana kusaidia ni mwendo wa wastani. Mwongozo wa wataalamu uliotolewa 2019 ulisema dakika 30, mara 3 kwa wiki, na mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Uchovu, wasiwasi, huzuni na uwezo wa kufanya kazi za mwili, vyote hivyo vilionekana kunufaika. Asianze na 30. Dakika 10, na kila wiki aongeze 5. Kasi sahihi ni ile anayoweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Muda mzuri ni ule anaokuwa na nguvu zaidi, kwa wengi asubuhi baada ya viungo kulegea. Kuna siku atasema hawezi: siku hiyo atembee dakika 5, akiona bado hawezi arudi nyumbani bila kujilaumu. Kinachoharibu zaidi ni ile siku ya nguvu anapofanya kazi zote za wiki, halafu siku tatu zinazofuata yuko kitandani.

Ganzi ya vidole vya miguu ni ya paclitaxel. Asiende peku, ndani wala nje. Viatu viwe vimefungwa na soli isiyoteleza, na akivua akague nyayo kwa macho, kwa kuwa hatahisi lengelenge. Aupe mwili kazi ya mizani, yaani kusimama bila kuyumba: asimame karibu na meza nzito, mguu mmoja mbele ya mwingine, sekunde 10, abadilishe. Akiweza, asimame kwa mguu mmoja, vidole viwili vikigusa meza. Asifumbe macho. Mtu mwenye ganzi hutegemea macho kujua mguu ulipo, ukiyaondoa anaanguka.

Letrozole ndiyo inayokaza viungo asubuhi, na pia hupunguza uimara wa mifupa. Watu huacha dawa kwa ajili ya maumivu hayo, na hilo linanihuzunisha, maana dawa ndiyo inayopunguza hatari ya saratani kurudi. Melinda Irwin na wenzake, 2015, waliwafuata wanawake 121 wenye maumivu kutokana na dawa za kundi hili. Waliofanya mazoezi ya uzito mara mbili kwa wiki na dakika 150 za mwendo, kwa mwaka, maumivu yao makali zaidi yalishuka kwa 29%. Hayakuisha, yalishuka. Mwambie hivyohivyo asije akakata tamaa mwezi wa pili.

Kwa mifupa ya nyonga na mgongo: kuinuka kitini bila kutumia mikono mara 8 hadi 10, kupanda ngazi moja moja huku akishika reli, kuinuka kwa vidole na kushuka taratibu. Seti mbili, siku zilezile za chupa. Kuruka kunajenga mifupa, lakini kwake kusubiri hadi mizani iwe nzuri na awe amepimwa uimara wa mifupa. Na maumivu ya mfupa sehemu moja, yasiyoisha, yanayomwamsha usiku, yasifanyiwe mazoezi. Yapelekwe kwa daktari kwanza.

---

Nasra_M

Nimeelewa, Sista. La mwisho: akikatiza, tuseme mafua au safari ya wiki mbili, anaendelea pale alipoishia?

---

VyumaPolepole

Hapana. Akikosa wiki moja, arudi uzito mmoja nyuma. Wiki mbili au zaidi, arudi nusu ya alichokuwa ananyanyua na seti moja, apande tena kwa hatua zilezile. Kurudi kwa haraka ndiko ninakoona kunavuruga mikono mingi, kwa sababu misuli inakumbuka uzito wa zamani ila njia za limfu zimepoa. Kunyoosha bega asikatize hata safarini, halihitaji chombo.

---

kombe_la_bega

Na ukipata nafasi, Dada Nasra, mwite yule anayempokonya ndoo aje aone kipindi kimoja. Aone chupa yenye maji nusu lita, aone futi na daftari la vipimo. Mgonjwa huogopa anachoogopa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akiona mkono unapimwa kila mwezi na haujabadilika, ataiacha ndoo. Ndoo yenyewe ianze na lita moja.